Nyumba ya Nane

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kiti cha wageni katika chumba cha msimamizi mpya kilikuwa kimejaa vitabu mpaka usawa wa mikono yake. Mlango ulikuwa wazi. Mwenye chumba alikuwa amesimama dirishani akipangusa miwani kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, na hakugeuka hodi ilipopigwa.

"Karibu. Nyuma ya mlango kuna kigoda. Kilete huku, upande wangu."

Aliyepiga hodi alisita. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyepewa ruhusa ya kusoma shahada ya uzamili, na katika maisha yake yote meza ya mkubwa ilikuwa na pande mbili, naye alijua upande wake. Alikibeba kigoda, akakizungusha nyuma ya meza kama mtu anayeingia jikoni kwa watu, akakaa. Sasa wote wawili walikuwa wakitazama kitu kimoja: tasnifu yake, kurasa mia na kitu, iliyofungwa kwa kamba ya viatu kwa sababu klipu haikutosha.

Msimamizi wake wa kwanza alikuwa mzee mpole aliyestaafu mwezi uliotangulia. Wanafunzi walimwita Sawa Endelea, kwa kuwa hayo ndiyo maneno pekee aliyoandika mwishoni mwa kila sura. Huyu mpya walimwita Bi Ulijuaje. Jina hilo alilipata kwa swali analoliandika pembeni mwa kurasa za watu, na wanafunzi walilitia chumvi kila mwaka: eti kuna kijana aliandika kwamba jua huchomoza mashariki, akaikuta karatasi yake imerudi na alama ya kuuliza.

"Nimeisoma mara mbili," alisema Bi Ulijuaje. "Unaandika vizuri. Sentensi zako hazina mafuta. Wengi hapa wananiletea sentensi za sherehe."

Mwalimu alipumua. Alikuwa amekuja na moyo mkononi, na sifa haikuwa kitu alichokitarajia.

"Sasa nisaidie. Ulipima joto katika nyumba nane za mabati. Nne zina dari ya magunia, nne hazina. Ukakuta kwamba dari haipunguzi joto la mchana kwa kiasi cha kusemwa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Ni matokeo ya ajabu. Siyapingi. Dunia ina mambo ya ajabu. Lakini kwenye jedwali nahesabu nyumba saba." Aliweka kidole kwenye safu ya mwisho. "Ya nane iko wapi?"

"Ile niliitoa. Kipimo chake kilikuwa kibovu. Kilikuwa kinasoma joto kubwa mno, tofauti kabisa na zile tatu zingine zisizo na dari. Niliandika kwenye maelezo ya chini."

"Nimeona. Ulijuaje kuwa ni kibovu?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia kwa sauti. Alikuwa amedhani lingesemwa kwa ukali. Lilisemwa kama mtu anavyouliza njia ya kwenda posta.

"Kilitofautiana na vingine," alijibu.

"Kilitofautiana. Hilo tunalijua. Kuwa kibovu hatujui bado. Msimamizi wako alisemaje?"

Mwalimu alitazama kamba ya viatu. "Alisema sawa, niendelee."

Bi Ulijuaje hakucheka, ingawa midomo yake ilifanya kazi kubwa ya kujizuia. "Niletee vipimo vyenyewe. Sitaki wastani. Nataka kila robo saa, kila nyumba, kama kipimo kilivyoandika."

"Ni maelfu ya namba, Profesa. Na tarehe ya kukabidhi ni mwisho wa mwezi huu. Ofisi ya elimu imenishikia nafasi yangu mpaka muhula mpya. Nisiporudi na cheti, anawekwa mwingine."

"Nimekusikia," alisema yule mama. "Basi usizilete kesho. Zilete leo mchana."

*

Nyumba aliyoishi Mwalimu ilikuwa na vyumba vitatu na kibanda mbele. Kibandani alikuwemo mume wake, kinyozi, na vioo viwili vilivyotazamana hata mteja akajiona kisogo. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama mkwe, mjane aliyekula chumvi nyingi, mwenye magoti mabovu na sauti nzima. Bati la chumba hicho lilikuwa tupu, halina dari. Mchana lilikuwa likilia kwa joto, ta, ta, ta, na bibi alihamia ukumbini na mkeka wake na kipepeo cha ukili.

Nyumba hiyo ilikuwa mojawapo ya zile nne zisizo na dari. Mwalimu alichagua mtaa wake mwenyewe kwa sababu ya kawaida kabisa: watu wa pale wangemfungulia mlango.

Jioni ile alikuta kinyozi anamnyoa fundi viatu wa jirani.

"Haya, Mwalimu. Amekuuma?" aliuliza kinyozi.

"Hajaniuma. Amenikalisha karibu yake."

"Ndivyo wanavyoanza," alisema fundi viatu, kichwa kimeinama. "Daktari wa meno naye hukukalisha vizuri."

"Anataka namba zote. Moja moja. Anauliza nyumba ya fundi saa kwa nini niliitoa."

"Fundi saa?" Kinyozi aliacha mashine ikinguruma hewani. "Yule anayefunga mlango alfajiri na kurudi magharibi? Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Kipimo chake ndicho kilichokosea."

"Kwa hiyo bado ni hapana," alisema kinyozi, akirudi kwenye kisogo cha mteja. "Maana magunia ninayo nyuma pale tangu mwaka jana. Nilikuwa nimpigie mama dari, ukaniambia utafiti umesema haina faida. Nikayakalia. Mama anachemka mle ndani kama uji, na mimi nimeyakalia magunia kwa heshima ya elimu."

Fundi viatu alicheka mpaka ikabidi ashikwe kichwa asikatwe. Mwalimu hakucheka. Aliingia ndani, akamkuta mama mkwe ukumbini akijipepea, akamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Umepita?"

"Bado, mama. Huyu mpya anachunguza sana."

"Mwache achunguze. Anayechunguza ana nia na wewe. Yule mzee wako wa kwanza mimi sikumwelewa. Mtu gani hakuulizi kitu miaka miwili?"

Mwalimu alikumbuka kwamba Sawa Endelea alimpendeza sana kwa miaka hiyo miwili. Alikumbuka pia kwamba mzee huyo hakuwahi kulijua hata jina la mtaa alikoishi mwanafunzi wake.

*

Siku tatu baadaye kigoda kilikuwa tayari upande wa msimamizi. Ukutani, kwa gundi ya karatasi, zilibandikwa grafu nane zilizochorwa kwa mkono, penseli, mstari mwembamba usiotetereka. Mwalimu alizisogelea. Yule mama, mwenye wanafunzi kumi na zaidi na vipindi kila siku, alikuwa amekaa na namba zake, moja moja, akazichora.

"Ungeweza kutumia kompyuta, Profesa."

"Kompyuta ingechora haraka kuliko ninavyofikiri. Haya, niambie unaona nini. Anza na nyumba yenye dari."

Mstari wa nyumba yenye dari ulipanda taratibu tangu asubuhi, ukafika kileleni mchana, ukashuka taratibu. Ulikuwa kama kilima cha mtoto mchoraji.

"Hii ni sawa," alisema Mwalimu.

"Na hii?"

Hii ilikuwa nyumba ya muuza mkaa, isiyo na dari. Mstari ulipanda kwa nguvu tangu saa tatu. Karibu na saa sita, ghafla, ulianguka kama mtu aliyekosa ngazi. Ulikaa chini, umelala, mpaka saa kumi. Halafu ukaruka tena juu, ndipo ukaanza kushuka kama mingine.

Nyumba ya fundi viatu ilikuwa hivyohivyo. Nyumba ya tatu isiyo na dari ilikuwa hivyohivyo, tena kwa unadhifu zaidi, karibu kila siku. Mwalimu hakuhitaji kusoma jina lililoandikwa chini yake. Ilikuwa nyumba yake.

Ya nane, ya fundi saa, haikuanguka. Ilipanda moja kwa moja mpaka juu, juu kuliko zote, kikawa kilima kirefu kisicho na kasoro.

"Kwenye wastani huwezi kuona hili," alisema Bi Ulijuaje. "Wastani ni blanketi. Sasa wewe ni mwalimu wa watoto. Mtoto akikuletea mchoro huu, utamuuliza nini?"

"Nitamuuliza..." Akaanza upya. "Nitamuuliza, nyumba gani ya bati inapoa saa sita mchana?"

"Umeona? Na mimi ndilo swali nililo nalo."

"Labda mawingu."

"Mawingu yaliyochagua nyumba tatu na kuruka ya nne?"

"Labda walifungua madirisha."

"Labda. Joto linaloshuka nyuzi saba ndani ya robo saa kwa dirisha? Huenda. Ulijuaje kwamba wakati huo kipimo kilikuwa ukutani?"

"Nilikitundika mwenyewe, Profesa. Kwa msumari."

"Ulikitundika. Hilo nalijua. Sikuuliza hilo."

Saa sita mchana, siku zote za kupima, Mwalimu alikuwa maktaba. Kulikuwa na feni pale.

"Jumamosi una nafasi?" aliuliza Bi Ulijuaje. "Nataka kuuona msumari."

*

Alikuja kwa miguu, amevaa kofia pana ya majani na raba za kijana, amebeba chupa yake ya maji. Kinyozi alikuwa amefagia mpaka barabarani. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo ya kutokea na kukaa wima kitini, bila mkeka, licha ya magoti.

"Shikamoo, mama," alisema Bi Ulijuaje, akivua viatu mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Kumbe ndiye wewe unayemsumbua mtoto wangu?"

"Ndiye mimi."

"Msumbue. Ila alale."

"Nitajitahidi alale, mama."

Waliingia chumba cha nyuma. Msumari ulikuwepo, juu ya ukuta, karibu kabisa na bati, na kisanduku cha kipimo kilikuwa kikining'inia juu yake, kidogo kama kiberiti, na kitaa chake chekundu kikipepesa. Bi Ulijuaje alikitazama. Alipima kwa macho kutoka sakafuni mpaka pale. Kisha akaona kitu ambacho Mwalimu alikipita kila siku: kigoda cha miguu mitatu, chini ya msumari hasa, ambacho hakikuwa na kazi nyingine pale.

"Mama," alisema, "hiki kigoda ni cha nani?"

"Changu, cha kupandia."

"Kupandia wapi?"

Bibi alimtazama mgeni kwa furaha ya mtu aliyesubiri muda mrefu kuulizwa jambo analolijua.

"Kukishusha hicho. Mwanangu, hicho kidude kinaungua. Siku ya kwanza ile, mchana, nimeingia kutafuta dawa yangu, nikakigusa, nikakuta kina homa. Homa kabisa, kama mtoto. Nikasema masikini, mali ya chuo hii, itapasuka, Mwalimu wangu afukuzwe. Basi tangu siku hiyo jua likishafika katikati nakishusha, nakifunga kwenye kitambaa kibichi kidogo, nakilaza pale chini kando ya mtungi, kinapata ubaridi wake. Jua likipoa nakirudisha. Sijakosa hata siku moja. Labda siku za kliniki."

Bati lililia, ta, ta.

"Na majirani?" aliuliza Bi Ulijuaje, kwa sauti ileile ya kuuliza njia.

"Ah, si niliwafundisha? Mke wa fundi viatu nilimwambia. Muuza mkaa naye. Wale wenye dari walisema cha kwao hakina homa, nikawaambia basi kiacheni. Fundi saa ndiye sikumpata, mtu huyo haonekani nyumbani. Nimekuwa nikikisikitikia hicho cha kwake."

Mwalimu alikaa kitandani bila kuambiwa. Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo begani, alikohoa.

"Nilimwona mama akikishusha," alisema. "Nikadhani ndio utaratibu."

"Ulimwona?" Mwalimu aligeuka. "Miezi yote ile ulimwona, na ukanyamaza?"

"Mimi nanyoa vichwa, Mwalimu. Nitajuaje sayansi inashushwa ama haishushwi?"

Bibi alikuwa amewatazama wote kwa zamu, na furaha ikaanza kumtoka usoni. "Kwani nimefanya nini?"

Mwalimu alifungua mdomo. Lililokuwa limemjia ulimini halikuwa zuri, na lilikuwa njiani kutoka. Bi Ulijuaje alimwahi.

"Samahani, Mwalimu. Siku ulipoleta vipimo hivi, uliwaambia nini wenye nyumba?"

"Niliwaambia..." Alikumbuka vizuri mno. Alikuwa amesimama ukumbini na visanduku vyake, majirani wamekusanyika, akajiona mtu wa maana. "Niliwaambia ni mali ya chuo. Wavitunze kama mboni ya jicho. Nikasema vikiharibika nimekwisha."

"Uliwaambia wasiviguse?"

"Hapana."

"Uliwaambia vinapima nini?"

"Nilisema ni utafiti."

Bi Ulijuaje alimgeukia bibi. Aliketi sakafuni, miguu imenyooka, kama mtu aliyefika nyumbani kwa shangazi.

"Mama, hukufanya kosa. Uliombwa kukitunza, ukakitunza kuliko ninavyotunza vitu vyangu. Kazi ya kile kidude ni kuungua. Kinaonja joto unaloishi nalo wewe, kisha kinatuambia. Ukikipa ubaridi kinasema uongo, lakini si kwa kupenda kwako. Sisi tuliosoma ndio tuliotakiwa kukueleza, hatukukueleza."

Alisema sisi. Mwalimu alilisikia neno hilo. Msimamizi huyu alikuwa hajamjua hata wiki mbili, na siku vipimo vilipotundikwa hakuwepo.

"Kumbe," alisema bibi taratibu. "Kumbe nilikuwa nakipa raha, na mimi mwenyewe nachemka."

Kinyozi alishindwa kujizuia. Alianza yeye, kisha bibi, akicheka na kufuta macho kwa upande wa kanga, na haikujulikana vizuri anafuta kicheko au kitu kingine.

"Siku za kliniki," alisema Bi Ulijuaje walipotulia. "Unazikumbuka zilikuwa zipi, mama?"

"Kila Alhamisi, mwanangu. Naondoka asubuhi, narudi alasiri."

*

Mwalimu alimsindikiza mpaka mwisho wa mtaa. Jua lilikuwa kali, na kofia ya majani ilimfunika mwenyewe peke yake.

"Nimefikiri jambo, Profesa," alisema. "Nikiitoa nyumba yangu tu, kwa kuwa ndiyo mbaya zaidi, zinabaki sita. Matokeo hayabadiliki sana. Naweza kukabidhi mwisho wa mwezi. Hakuna atakayejua."

"Kweli. Hakuna atakayejua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sahihi yangu itakuwa chini ya kitu ambacho mimi na wewe tunakijua, na kinyozi, na mama mkwe. Tuko wanne tayari." Alifungua chupa ya maji, akampa kwanza Mwalimu. "Sikukatazi. Tasnifu ni yako, na kazi inayoweza kupotea ni yako. Ukiamua hivyo, omba upewe msimamizi mwingine, nami sitasema neno. Lakini nikueleze ninachokiona. Una nyumba moja yenye vipimo safi, uliyoitupa. Una Alhamisi zote. Una usiku wote na asubuhi zote, nyumba zote. Na joto halijaisha. Wiki mbili za kupima tena zinatosha, ukikaa na vipimo vyako. Hujaharibikiwa na utafiti. Umepungukiwa na sura moja."

"Na ofisi ya elimu?"

"Hiyo siijui. Sijawahi kuzungumza nao. Jumatatu tunaanza na mkuu wa idara, yeye namjua."

Mwalimu alikunywa maji. Kule nyuma, mlangoni pa kibanda, kinyozi alikuwa amesimama akiwatazama bila kujificha.

"Jumatatu saa ngapi?" aliuliza.

*

Mkuu wa idara alikuwa na kiti cha kuzunguka, na alikizungusha. Aliisikiliza habari mpaka ilipofika kwenye kitambaa kibichi, hapo akaweka kalamu chini na kucheka kwa raha zake zote. Alimwita katibu wake kutoka chumba cha pili aje asikie.

"Eti mama mkwe! Nimeona utafiti ukiharibiwa na panya, na mafuriko, na umeme. Mama mkwe, hii ni mpya. Hii nitaisimulia."

Mwalimu alisimama, mikono imeshika kamba ya viatu. Masikio yalimuwaka. Katibu aliinamisha macho. Yeye pia alikuwa na mkwe.

"Isimulie," alisema Bi Ulijuaje. "Ila ukiisimulia, malizia. Mwanafunzi alipogundua kosa alikuja kulisema mwenyewe, wiki tatu kabla ya kukabidhi, akijua anaweza kupoteza kazi. Hapa idarani nimehudumu miaka mingi. Waliokuja kulisema kosa lao wenyewe kabla hawajakamatwa, nihesabie."

Kiti kiliacha kuzunguka.

"Kosa ulilikamata wewe," alisema mkuu, kwa sauti ndogo zaidi.

"Mimi niliuliza nyumba iko wapi. Kulikuwa na njia ya kulifunika, aliiona kabla yangu, na hayuko kwenye njia hiyo. Yuko hapa."

Mwalimu alijua kwamba habari hiyo ilikuwa ya kweli na haikuwa kamili. Njia ile alikuwa ameipendekeza kwa mdomo wake. Alimtazama msimamizi wake, na msimamizi alikuwa akimtazama mkuu, hapepesi.

Walipotoka, Mwalimu alikuwa na wiki sita za nyongeza na barua kwa ofisi ya elimu. Ofisi ya elimu ilijibu baada ya siku nyingi: nafasi ingeshikwa mpaka katikati ya muhula, baada ya hapo isingeshikwa.

*

Upimaji ulianza upya. Safari hii Mwalimu aliwakusanya wenye nyumba ukumbini akawaeleza kisanduku kinaonja nini, kwa nini kiachwe kiungue, na kwamba hakitapasuka. Muuza mkaa aliuliza maswali mazuri. Fundi saa alikuja pia, amefunga duka mapema, akasema hajui kwa nini kila mtu mtaani anampa pole.

Na saa sita mchana Mwalimu hakwenda maktaba. Alikaa katika nyumba hizo kwa zamu, kwenye kigoda cha miguu mitatu, akifuta jasho kwa kiganja. Katika nyumba asizokuwepo, bibi alipewa kazi ya kuzunguka na mkongojo wake kuhakikisha hakuna mwenye huruma. Aliifanya kwa ukali. Mke wa fundi viatu alishitakiwa mara mbili kwa kukiangalia kidude kwa jicho la kukihurumia.

Sura mpya ilipokamilika, ilisema kwamba dari ya magunia hupunguza joto la mchana kwa nyuzi sita, wakati mwingine saba. Ilisema pia, katika aya iliyomchukua Mwalimu siku mbili kuiandika, kwamba vipimo vya kwanza vilishushwa ukutani na wenye nyumba kwa nia njema, kwa sababu mtafiti aliwaomba wavitunze na hakuwaeleza kazi yake.

Ilirudi kutoka kwa Bi Ulijuaje baada ya siku nne. Pembeni mwa aya hiyo hapakuwa na kitu. Lakini ukurasa wa mbele yake, penye sentensi *Katika awamu ya pili vipimo havikuguswa*, paliandikwa kwa penseli swali lake la siku zote.

Mwalimu alikaa upande uleule wa meza, akachukua penseli kutoka mkononi mwa msimamizi wake bila kuomba, akaandika chini ya swali: *Nilikuwepo. Asipokuwepo mtafiti, alikuwepo mama mkwe, kwa mkongojo.*

Bi Ulijuaje aliisoma. Safari hii alicheka, kicheko kizima, kifupi, cha kushtukiza. Kisha akafungua ukurasa wa mwanzo na kutia sahihi.

"Hilo la mkongojo liingie," alisema. "Ni mbinu."

Tasnifu ilipokelewa na kugongwa mhuri Jumatano, siku mbili kabla ya nyongeza kwisha. Jumapili iliyofuata kinyozi alifunga kibanda, akatoa magunia, akayapaka chokaa na kuyapigilia katika chumba cha mama yake, huku fundi viatu akimshikia ngazi na kumkosoa. Bibi alilala chumbani mwake mchana kwa mara ya kwanza tangu joto lianze.

Saa saba mchana wa siku ya pili, kipimo cha chumba hicho kilisoma nyuzi thelathini na moja, sita chini ya zile za kabla ya dari. Kilikuwa ukutani. Mwalimu alikuwa amekaa mbele yake.